Masika ya Ubao wa Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vikao, lakini vikao vyetu siku hizi vinaandikwa kwenye kompyuta, na mimi sipendi kuona karatasi safi ikikaa bure. Basi nitaandika humu habari za masika, maana masika ya Kyela ni kitu cha kuandikwa. Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Kwetu Karagwe mvua inanyesha, inamaliza, watu wanarudi shambani. Hapa inanyesha kana kwamba imesahau namna ya kuacha.

Kazi yangu ni takwimu za afya. Ofisini kuna runinga kubwa ukutani, na ndani yake kuna dashibodi ambayo sisi tunaiita ubao. Kila zahanati ina kisanduku chake kwa kila ugonjwa: kijani ni shwari, njano ni angalia, nyekundu ni kuna jambo. Kabla sijaja, ubao ule ulikuwa na rangi kama kitenge cha sikukuu. Leo asubuhi nimeukuta kijani juu hadi chini, isipokuwa malaria, ambayo haina adabu. Nakiri kwamba ninaupenda ubao wangu kuliko inavyofaa mtu mzima kupenda runinga.

Ninapanga Mbugani, chumba cha uani kwa Mama Dainess, mjane mwenye mpunga na migomba. Binti yake Dainess ameolewa Tukuyu. Aliyebaki nyumbani ni Eliya, miaka thelathini na minne, mbeba magunia kule kwenye mto wa mpakani na mwimba besi kanisani. Siku moja nilimweleza habari za ubao, tangu hapo ananiita Mzee wa Kijani. Nimemzoea.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Soksi hazikauki.

Jumamosi, 8 Machi

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya kuingiza taarifa za Februari. Zahanati moja ya mpakani, upande wa Katumba Songwe (jina lake siliandiki, madaftari hupotea), imetaka kunitia doa. Kwenye mstari wa "sumu na dawa kuzidi" wameweka nne. Miezi yote ya nyuma ni sifuri. Namba ikiruka namna hiyo, mfumo unaweka alama na kuuliza: Namba hii ni kubwa kuliko kawaida. Una uhakika? Mara tisa katika kumi ni mtu amebonyeza vibaya. Nikampigia muuguzi wa pale, Atupele.

"Sista, hii nne ya sumu, una uhakika nayo?"

"Ninao, kaka Telesphory. Ni hawa wabeba mizigo. Wanameza kapsuli za maumivu zinazovushwa mtoni, wenyewe wanaziita vidonge vya mizigo. Wanaletwa wamelala, wanakoroma kwa shida, mboni za macho zimekuwa ndogo kama punje ya ulezi. Wawili walitikisika mwili mzima. Mmoja alifia njiani, kwenye baiskeli."

"Una kipimo?"

"Kipimo nakitoa wapi, kaka?"

"Kama huna kipimo huwezi kuandika dawa kuzidi. Waliotikisika waandike kifafa. Wengine weka kwenye nyinginezo."

"Niliwaona kwa macho yangu," akasema.

"Naelewa. Lakini ubao hauna macho."

Nilidhani nimesema jambo la busara. Baada ya dakika kumi ile nne ikawa sifuri, kifafa kikaongezeka kidogo bila kelele, na kisanduku kikawa kijani.

Ijumaa, 14 Machi

Eliya kalala barazani akiwa amekaa, kikombe cha chai mkononi, hata hakijamwagika. Mama yake, ambaye mimi ananiita tata, yaani baba, akamcheka: "Mtazame huyu, tata. Anabeba gunia mchana, analibeba na usingizini." Akaamka, akajikuna pua sana, akatucheka na yeye. Anasema barabara ya kwenda mtoni imejaa maji, malori yanaishia mbali, kwa hiyo siku ya gulio, soko la kila Alhamisi, kila gunia linavuka kwa mgongo wa mtu. Jana alibeba mpaka akaacha kuhesabu. Nikamshauri apunguze. Akaniuliza kama magunia yana ubao wake nami nikayapunguze huko.

Jumatano, 19 Machi

Matema. Tuliitwa kwenye semina katika nyumba moja ya wageni chini ya milima, na wilaya yetu ikapewa cheti cha takwimu safi. Njia ya kuja ilikuwa tope tupu, gari lilisukumwa mara mbili, nami nilipokea cheti suruali ikiwa imelowa hadi magoti. Bosi wangu, Daktari Ebenezer, alinishika bega mbele ya watu wote akasema, "Huyu ndiye mwenye cheti." Tulikula usipa, wale dagaa wa ziwani, na wali. Ziwa lilikuwa limetulia. Nimefurahi, na sioni kwa nini nisiandike hivyo.

Alhamisi, 20 Machi

Mezani nimekuta ombi la Atupele limerudi kutoka juu. Aliomba naloksoni, ile sindano inayomrudishia pumzi mtu aliyezidisha dawa za aina hii. Wamejibu kwa mstari mmoja: mahitaji hayaonekani kwenye takwimu za kituo. Nimelitia kwenye jalada lake. Utaratibu ni utaratibu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Ubao umezimwa, ofisi inaonekana tupu.

Alhamisi, 27 Machi

Mama Dainess amerudi kutoka msibani, upande wa Katumba Songwe, mtoto wa binamu yake. Khanga imelowa mpaka kiunoni, hataki hata chai. Ametuambia huyo ni kijana wa tatu kuzikwa kwenye njia ile ile tangu mwezi uanze. Watu wanasema kifafa. Wengine wanasema wamerogwa, maana kifafa gani kinawaanza wanaume wa miaka thelathini kwa zamu?

Mimi nilikuwa ninakunywa chai yangu. Neno kifafa liliponifikia nilikiweka kikombe chini, nikaenda chumbani. Sikumwambia kitu.

Jumamosi, 29 Machi

Eliya hakwenda mazoezi ya kwaya. Kalala tangu saa nne asubuhi, amelala mchana kutwa. Mama yake anasema ni uchovu wa gulio.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda mwenyewe. Gari lilifika nusu ya njia, kilichobaki nikakimaliza kwa miguu, viatu nimevibeba mkononi. Atupele alikuwa mlangoni. Ni mama mfupi, mnyamavu, wa umri wangu. "Mwagonile, kaka," akanisalimia, nami nikaitikia vibaya kama kawaida yangu, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Nikamwomba rejista. Akaifungua. Nikapitia Februari, nikapitia Machi. Palipoandikwa kifafa nikaona pembeni nukta ndogo ya penseli, si kila mstari, baadhi tu.

"Hizi nukta ni nini, sista?"

"Hao ndio wasio na kifafa."

Nilizihesabu. Zilikuwa kumi na moja. Nne zilikuwa na msalaba mdogo juu yake.

Nilitaka kukasirika. Nilianza hata kumwambia kwamba rejista ni nyaraka ya serikali, haichorwi penseli. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono ameikunja tumboni. Kisha akasema taratibu, "Wewe uliniambia niandike kifafa. Nikaandika ulivyoniambia. Lakini nikasema, Mungu, Kyala wetu, anaona, nisiwapoteze kabisa. Nikawawekea nukta."

Nimeandika taarifa miaka kumi na minane. Sijawahi kuona aibu ya namna ile mbele ya mtu.

Akanitengenezea uji. Akanieleza dalili zote, polepole, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi: wanajikuna pua, wanasinzia wakiwa wamekaa, kisha siku ya siku wanalala na koromo linakuwa zito, lenye kukwama. "Watu wanadhani anapumzika," akasema. "Kumbe anakwenda. Koromo likinyamaza ndiyo basi. Ukimlaza ubavu, ukamwita, ukamkimbiza, unaweza kumpata. Na ile sindano, kaka, ile niliyoomba."

Nikamwambia ombi limekataliwa kwa sababu takwimu hazionyeshi. Hakuuliza takwimu za nani.

Kabla sijaondoka akanipeleka kwa jirani yake, Gwamaka, mzee mwenye mabega mapana, kiongozi wa wachimba makaburi wa kijiji. Huku kila msiba vijana huchimba kwa zamu, na ili mtu asikwepe, Gwamaka ana daftari: tarehe, nyumba ya msiba, na majina ya wenye zamu. Daftari limefungwa kwa mfuko wa mbolea lisilowe. Nilipoliona lilivyopangwa nilijisikia nyumbani. Hana kompyuta, hana mtandao, na hakuna aliyezikwa kijijini pale akakosekana humo.

"Unataka waliokufa kwa vidonge?" akaniuliza. "Sisi tunawajua, ndugu afisa. Ni wenzetu. Leo anachimba, wiki ijayo anachimbiwa. Ila hakuna aliyetuuliza. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Hakujua kwamba mfichaji alikuwa ameketi mbele yake anakunywa maji.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimejaribu kurekebisha. Mfumo umekataa, kwani Februari imefungwa na hufunguliwa kwa barua tu. Nikaenda kwa Daktari Ebenezer, nikamweleza yote, na sehemu yangu sikuificha.

Alivua miwani. "Tele, cheti hakijatimiza hata mwezi. Tukifungua Februari wataona tulidanganya."

"Tulidanganya, Daktari. Nilidanganya mimi."

"Nipe wiki moja nifikirie namna ya kuliandika."

Si mtu mbaya. Ana wagonjwa, ana mafuriko, ana watu wa juu yake wanaopenda kijani kama nilivyokipenda mimi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Barua haijaandikwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Barua haijaandikwa. Eliya amesinzia mezani, mama yake akamtoa kijiko mdomoni. Tulicheka.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimechoka kusubiri. Nimenunua karatasi ya manila nikaibandika chumbani kwangu. Kila Jumatatu asubuhi nampigia Gwamaka, ananisomea daftari lake: tumemchimbia nani, lini, alikuwa na kazi gani. Leo amenisomea wawili. Mmoja alikufa Ijumaa iliyopita, siku nane baada ya mimi kuombwa wiki moja. Nimemwandika kwa kalamu nyekundu.

Nilipomaliza kuwapanga wote tangu Januari, nilikaa kitandani nikaiangalia ile karatasi. Tisa, na saba kati yao ni wabeba magunia. Wote saba wamekufa Ijumaa au Jumamosi. Gulio ni Alhamisi. Wanabeba siku nzima, wanameza ili wabebe, wanameza tena ili walale na maumivu, kisha hawaamki. Jambo hilo lilikuwa wazi kama jua, ila ubao wangu unahesabu kwa mwezi, unachelewa wiki moja zaidi, na hauna siku za juma.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeikunja manila nikaipeleka kwa Daktari Ebenezer. Kidole chake kilikwenda kwenye zile Ijumaa, moja baada ya nyingine, kikasimama kwenye wawili wa mwisho.

"Hawa ni baada ya wewe kuja kwangu?"

"Ndiyo, Daktari."

Akasimama, akaenda stoo mwenyewe. Amerudi na sindano sita za naloksoni na karatasi aliyoisaini. Barua ya kufungua Februari ameiandika mbele yangu. Cheti, anasema, wakikitaka watakuja kukichukua.

Alhamisi, 24 Aprili

Gulio. Nimeshinda mtoni na Atupele. Hatukuhubiri. Tumewaambia wabeba mizigo mambo matatu: usimeze ukiwa peke yako, mwenzako akilala mlaze ubavu, akikoroma vibaya mleteni zahanati, hakuna atakayeuliza vidonge vimetoka wapi. Gwamaka alisimama nyuma yetu na daftari lake kwapani, nadhani lilisema kuliko sisi.

Eliya naye alikuwapo, gunia kichwani, maji magotini. Akanipungia mkono uliokuwa huru. "Mzee wa Kijani ametoka ofisini!" Wenzake wakacheka. Nami nilicheka.

Jumatatu, 28 Aprili

Gwamaka: hakuna. Mvua inanyesha lakini hakuna.

Ijumaa, 2 Mei

Eliya analala mchana barazani. Nimemruka kuingia chumbani.

Jumatatu, 5 Mei

Gwamaka: hakuna.

Ijumaa, 9 Mei

Atupele amenipigia saa tano asubuhi, analia, nikadhani wamekufa wengi. Kumbe analia kwa furaha. Wamemletea Andongwisye, baba wa watoto wanne, midomo imegeuka rangi, pumzi moja kila baada ya muda mrefu. Wenzake walikuwa wamemlaza ubavu, wakamkimbiza juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba. Akamchoma sindano ya kwanza, akangoja, akamchoma ya pili. Yule mtu akavuta pumzi kama aliyetoka chini ya maji, akafungua macho, akauliza gunia lake liko wapi.

Nimetoka nje ya ofisi nikasimama kwenye mvua kidogo. Watu wamenishangaa.

Jumatatu, 12 Mei

Gwamaka: hakuna. "Koleo zimeanza kuota kutu, ndugu afisa," ananiambia. Nimemjibu ziache zioze kabisa.

Jumapili, 18 Mei

Nitaandika kilichotokea jana kwa mpangilio wake, maana kazi yangu ni mpangilio na sina kitu kingine cha kushika.

Jana ilikuwa Jumamosi. Mvua ilikuwa kubwa, bati lilikuwa linapiga kelele. Nilikuwa chumbani ninachora manila mpya, safi, ya Mei, nataka kumwonyesha Daktari zile wiki tupu. Ukuta wa chumba changu na cha Eliya ni mmoja. Saa saba mchana nilimsikia anakoroma. Koromo lilikuwa zito kiasi kwamba nililisikia juu ya mvua. Nikasema moyoni, leo huyu kachoka kweli. Nikaendelea kuchora mistari kwa rula.

Baadaye koromo likanyamaza. Nilishukuru. Ninaandika neno hili kwa sababu ni kweli: nilishukuru kwa utulivu.

Saa tisa mama yake alikwenda kumwamsha ale. Nilisikia anamwita jina mara moja, kawaida. Mara ya pili. Mara ya tatu haikuwa kuita tena. Nilipofika alikuwa amelala chali, midomo rangi ya majivu. Nilimlaza ubavu kama Atupele alivyonifundisha. Nikamwita. Nilimpulizia pumzi mdomoni, mimi ambaye sijawahi kumgusa zaidi ya kumpa mkono. Tukamtia kwenye bajaji. Hospitali ni dakika kumi kutoka hapa. Dakika kumi tu. Wangempata, kama mtu mmoja angeinuka na kupita mlango mmoja saa saba mchana.

Walituambia amefariki muda mrefu. Chini ya mto wake tulikuta karatasi mbili za kapsuli zenye kung'aa, moja tupu.

Nilivihesabu vitanda vyote vya wilaya nikakisahau kile kilichoegemea ukuta wangu. Sikumhesabu kwa sababu alikuwa mwimba besi, na kwa sababu alikuwa Eliya. Niliwaita wale wengine "wao". Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi niliambiwa, nikafundishwa, nikapewa na uji juu yake.

Jumatatu, 19 Mei

Tumemzika. Leo sikumpigia Gwamaka. Alikuwa mbele yangu na koleo, yeye na wabeba magunia wote, wamekuja kwa miguu tangu alfajiri kuchimba kaburi la Mbugani ambalo si zamu yao.

Asubuhi ukoo ulikaa kuandaa wasifu wa marehemu. Nilipewa kalamu kwa sababu ya mwandiko wangu. Nikaandika kuzaliwa, kubatizwa, shule, kwaya. Tulipofika mahali pa ugonjwa, baba mdogo wa Eliya akakohoa. "Hapo andika aliugua ghafla. Inatosha."

Kalamu ikasimama. Nilijua namna ya kuliandika hilo. Hakuna mtu Kyela aliyejua kuliko mimi.

Mama Dainess alikuwa chini, mgongo ukutani, hajasema neno tangu juzi. "Andika vidonge," akasema.

"Mama Dainess, watu watasema..." akaanza baba mdogo.

"Watasema nini? Mwanangu hakuiba. Hakumpiga mtu. Alibeba magunia ya watu mpaka mgongo ukamshinda. Andika vidonge, tata. Hao wanaomchimbia hapo nje nao wanavyo mifukoni. Nyie mkiandika ghafla, hao nani atawaambia?"

Nikaandika. Nikasoma mwenyewe kaburini, sauti yangu haikuwa nzuri. Nilipofika kwenye lile neno, wabeba mizigo waliacha kunong'ona. Mvua ilikuwa rasharasha. Wakati wa kutupa udongo, nilimwona mmoja wao akitupa kitu kingine pamoja na udongo wake, kitu kidogo chenye kung'aa. Kisha mwingine.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua. Chumba cha pili kimya.

Ijumaa, 30 Mei

Leo nimelisoma daftari hili tangu mwanzo. Tarehe 14 Machi, Ijumaa: kasinzia amekaa, anajikuna pua. Tarehe 29 Machi, Jumamosi: amelala mchana kutwa. Tarehe 12 Aprili, Jumamosi: kijiko mdomoni, na tulicheka. Tarehe 2 Mei, Ijumaa: nimemruka. Ijumaa, Jumamosi, Jumamosi, Ijumaa. Kwa mwandiko wangu mwenyewe, na tarehe juu yake. Nilikuwa na ubao wa mtu mmoja kitandani kwangu na sikuusoma hata mara moja.

Jioni nimekwenda jikoni kwa Mama Dainess, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia. Kwamba nilimsikia. Kwamba nilijua maana yake, nilifundishwa. Kwamba koromo liliponyamaza nilishukuru. Nilitaka anifukuze. Nilikuwa nimeshafunga sanduku.

Aliendelea kumenya ndizi. Alimaliza moja, akachukua nyingine.

"Hata mimi nilimsikia," akasema. "Nilikuwa hapa hapa. Nikasema, afadhali leo mwanangu analala."

Nikachukua kisu kingine, nikamsaidia kumenya. Tulilia, wote wawili, bila kutazamana.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeingiza Mei. Nimeongeza kwenye ubao mistari ambayo haikuwapo: siku ya juma, kazi ya mtu, na taarifa ya kila Jumatatu kutoka kwa wachimba makaburi wa kata sita, Mbugani ikiwa ya kwanza. Nukta kumi na moja za Atupele zimerudishwa mahali pake, Februari na Machi. Juu wameruhusu. Cheti wamekitaka, tumekituma. Sindano zimetolewa kwa zahanati nne zaidi, na wakati ninaandika hivi Daktari Ebenezer yuko kwenye simu anagombana apate nyingine.

Eliya nilimwacha mwisho. Hospitali walikuwa wameandika: amefika amefariki, sababu haijulikani. Nikaenda kwenye mstari wa dawa kuzidi, Mbugani, ambao tangu ubao uwepo ni sifuri, nikaweka moja. Alama ikatokea. Namba hii ni kubwa kuliko kawaida. Una uhakika?

Nimekaa mbele ya swali hilo mpaka skrini ikajizima. Nikaiamsha, nikabonyeza ndiyo. Kisanduku cha Mbugani kikawa chekundu.

Jumapili, 8 Juni

Mvua imekatika. Siku tatu sasa jua, watu wanavuna mpunga, kila uwanja umetandikwa maturubai. Tumemsaidia Mama Dainess kuanika, mimi na Andongwisye, aliyetoka mtoni kwa miguu yake kuja kumpa pole. Mgongo bado unamsumbua. Anasema gulio la wiki hii alibeba nusu, akaenda nyumbani mapema, wakamcheka.

Tulipokuwa tunageuza mpunga Mama Dainess aliniuliza, "Umemwandika, tata?"

"Nimemwandika, Mama."

"Jina lake?"

"Ubao hauandiki majina. Unaandika moja."

Akageuza mpunga kwa mguu, taratibu, mpaka mwisho wa turubai, akarudi. "Basi mwandike kwenye lile daftari lako," akasema, akanishukuru kwa lugha yao: "Ndaga fijo."

Eliya Mwakibinga, wa Mbugani, Kyela. Mbeba magunia. Sauti ya besi. Amekufa Jumamosi tarehe 17 Mei, saa saba na kitu mchana, kwa vidonge vya mizigo. Tulikuwa nyumbani wawili, na wote tulimsikia.